Karibu ya Tatu

Kinyozi yule hakuwahi kusema jambo mara moja. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba hata siku ya kuzaliwa alilia, akanyamaza, akalia tena, akanyamaza, na alipolia mara ya tatu ndipo mkunga akaenda kunawa mikono. Huenda mama aliongeza chumvi. Lakini yeyote aliyewahi kukalia kiti cha kinyozi huyu hakuwa na sababu ya kubisha.

"Nipunguze juu? Juu nipunguze, eeh? Nipunguze kidogo juu?"

Mteja ameshajibu tangu swali la kwanza. Mashine iko hewani inanguruma. Kinyozi anasubiri mpaka "ndiyo" zake zitimie, kisha anainama na kuanza kazi, na nyuma ya sikio anapita mara tatu hata kama nywele ziliisha mara ya kwanza. Watu wakambatiza Tatutatu. Aliitika bila kinyongo, kwa kuwa aliona ni jina la mtu anayefanya kazi yake kwa uhakika.

Chumba chake cha kunyolea kilikuwa chembamba kama korido. Kiti cha chuma kiliundwa kiwe kinapanda na kushuka, ila kiligoma katikati miaka mingi iliyopita, kwa hiyo mfupi aliwekewa mto na mrefu alikunja magoti hadi karibu na kidevu. Palikuwa na kioo chenye ufa uliofunikwa kwa kalenda, kopo la poda, chupa ya spiriti, na shuka lenye maua ambalo mkewe, fundi cherehani, alilishona kutoka kwenye pazia.

Kazi aliyoipenda kuliko zote, hata hivyo, haikuwa ya kulipwa. Kila Jumapili kinyozi alisimama mlangoni mwa kanisa na kukaribisha watu.

Ulikuwa mlango wa mbao wa mabawa mawili, la kushoto likiburuza sakafuni na kutoa mlio wa mbuzi. Yeye alisimama upande wa kulia, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate, na kwa kila aliyepanda ngazi alisema, "Karibu, karibu, karibu!" Ya kwanza kwa sauti, ya pili kwa mkono, ya tatu kwa mwili mzima, akiinama kama mtu anayetafuta sindano. Watoto walimwigiza wakicheza. Kidogo kidogo kanisa zima likaambukizwa. Kiongozi wa kwaya, mama mmoja mnene aliyeitwa Mama Sauti, alikaribisha watu kwenye mazoezi mara tatu. Mchungaji naye akawa haanzi ibada bila "karibuni, karibuni, karibuni". Tatutatu akisikia hivyo alitazama viatu vyake na kutabasamu.

Kisha wakaja watu wa kiwanda cha mbao.

Walitoka ng'ambo ya milima, baada ya kwao kuharibika, na kiwanda kiliwachukua kwa sababu walijua miti. Walisema Kiswahili taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Familia moja ilianza kuonekana kanisani: babu mwenye kofia ya kufuma asiyoivua, mkewe mwenye kikohozi, mtoto wao wa kiume mwenye vumbi la mbao kwenye kope, na mkamwana aliyebeba mtoto mgongoni. Kwao pia walisali kwa Bwana yuleyule, walisema, ila kwa namna yao.

Jumapili ya kwanza walifika chini ya ngazi, wakavua viatu, wakavipanga mstari, vidole vikielekea nje. Kifua cha Tatutatu kilijaa. Wageni halisi!

"Karibu!"

Babu akatabasamu, akanyanyua mguu kuvuka kizingiti.

"Karibu!"

Mguu ukasimama hewani.

"Karibu ndani!"

Mguu ukarudi ulikotoka. Babu akaweka mkono kifuani, akainama kwa heshima kubwa, akageuka. Familia nzima ikavaa viatu, ikazunguka ukuta, ikasimama chini ya dirisha la pembeni karibu na tangi la maji. Walibaki pale ibada nzima, vichwa vimeinama.

Kinyozi alidhani hawakusikia vizuri. Jumapili iliyofuata aliongeza sauti. Mguu ukapanda, ukaganda, ukashuka. Safari hii akawafuata mpaka dirishani. "Karibuni jamani! Karibuni! Karibuni ndani, viti vipo!" Babu akainama tena, na wakasogea mbali zaidi, hadi kwenye ua.

Maneno yakaanza. Mama Sauti hakujua kunong'ona, ndiyo maana aliitwa hivyo. "Wana maringo hao. Wanataka watandikiwe zulia?"

"Afadhali wabaki huko," mama mwingine akadakia. "Mwanamume anataka kuingia na kofia, miguu peku kama anaenda kuoga. Kanisa au bafu?"

Mchungaji alihubiri juu ya kumpokea mgeni. Alihubiri vizuri, na kila alipofika penye uzito alitupa jicho dirishani, ambako ncha ya kofia ya kufuma ilionekana. Baada ya ibada akamwita kinyozi kwenye kiofisi chake, chumba kilichokuwa na meza, rundo la vitabu vya nyimbo na ndoo ya kudekia.

"Mzee mwenzangu, mlango wetu una tatizo."

"Najua, Mchungaji. Lile bawa la kushoto. Nitaleta mafuta, nitalipaka mafuta, mafuta ninayo ya mashine..."

"Sisemi mbao. Nakusema wewe." Mchungaji alisugua macho. "Watu wanafika mlangoni, wanakuona, wanarudi. Kila Jumapili. Mimi nihubiri nini tena? Yule wakala wa bima amejitolea kusimama pale. Ana tai, na anasalimia kwa lugha nne."

"Lugha yao anaijua?"

"Haijui. Lakini hawajamkimbia bado." Mchungaji akashusha pumzi. "Bibi yule anakohoa. Mvua ziko karibu. Zikinyesha naye bado yuko nje, mlango nampa mwingine. Wewe utapumzika."

"Nipumzike? Mimi? Mimi nipumzike?"

"Umenisikia," akasema Mchungaji.

Nyumbani mkewe alikuwa akipinda suruali. Alisikiliza yote bila kuondoa mguu kwenye cherehani.

"Labda unanuka spiriti," akasema.

"Mama watoto, sina utani leo. Sina kabisa. Wakininyang'anya mlango mimi ni nani pale? Nitakaa benchi la nyuma nitazame visogo? Visogo nanyoa wiki nzima!"

Mkewe akakata uzi kwa meno. "Wewe kazi yako kuwakaribisha watu nyumbani kwa Mungu. Kwao umewahi kufika hata mlangoni? Nenda ukawaulize kosa lako, baba. Mdomo unao. Tena unao wa kutosha mtaa."

Akaenda siku ya Jumatano, jioni, baada ya kufunga.

Nyumba za wafanyakazi zilikuwa vyumba vya mstari mmoja nyuma ya kiwanda, milango ya mbao mpya isiyopakwa rangi, hewa nzima ikinuka msumeno. Mbele ya mlango wa mwisho aliona viatu vilivyopangwa, vidole nje. Akajua ndipo.

"Hodi!"

Nyayo zikasikika ndani zikija.

"Hodi hapa!"

Nyayo zikasimama.

"Hodi wenyewe!"

Nyayo zikarudi ndani.

Kwa hiyo hawamtaki hata kwao! Akageuka aondoke, na angeondoka, ila vumbi la mbao lilimwingia puani akapiga chafya ya kutikisa mlango. Ukafunguka. Babu akasimama pale na kofia yake, akamtazama kwa mshangao, kisha uso ukalainika.

"Karibu," akasema, akampa kisogo, akaingia ndani.

Tatutatu akangoja nyingine. Haikuja. Mlango ulibaki wazi, na kwa ndani aliona mkeka, birika, vikombe. Aliona mkamwana akiongeza kikombe kimoja na kukijaza. Kisha wote wakakaa kimya, macho chini, kana kwamba mlangoni hakuna mtu.

Karibu moja! Kavu! Tena kwa kisogo! Yeye hata anayemdai humkaribisha vizuri kuliko hivyo. Alisimama akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Mvuke wa chai ukapanda, ukapungua, ukaisha. Mwishowe mkamwana akatoka, mtoto akiwa amelala mgongoni.

"Baba, kwa nini unatukataa?"

"Mimi? Mimi niwakatae ninyi? Binti yangu, mimi sijakaribishwa!"

"Umekaribishwa. Babu mwenyewe amekukaribisha."

"Mara moja!"

"Ndiyo," akasema yule mwanamke, asielewe. "Kwani hukusikia?"

Halafu akamweleza, jiwe kwa jiwe, kama kawaida yao ya kuvuka mto. Kwao neno la kweli husemwa mara moja. Lakini wakati mwingine mgeni anafika na nyumbani kuna shida: mgonjwa, ugomvi, au chungu kitupu. Huwezi kumwambia mtu rudi, ni aibu yako na yake. Kwa hiyo unamwambia karibu, halafu unarudia, halafu unarudia. Ya kwanza ni salamu. Ya pili ni pole. Ya tatu ni kwaheri. Mgeni mwenye adabu anainama na kuondoka, na akiwa mtu mwema hafiki mbali. Anasimama karibu na ukuta na kuiombea nyumba hiyo.

"Na hodi?"

"Hodi tatu ni mtu anayeomba asifunguliwe. Amepita tu kutimiza wajibu." Akacheka kidogo, akaziba mdomo. "Tulishangaa sana ulipopiga chafya."

Kinyozi hakucheka. "Kwa hiyo pale dirishani..."

"Tulikuwa tunawaombea. Kila Jumapili mnatukaribisha mara tatu, tena wewe unainama kabisa, unatuita mpaka uani. Babu alisema, watu hawa wana msiba mkubwa ambao hawawezi kuutaja. Bibi huwa analia akifika nyumbani. Anawahurumia."

Kwa mara ya kwanza tangu mkunga aende kunawa mikono, Tatutatu hakuwa na la kusema hata mara moja. Akavua viatu. Akavipanga. Akaingia.

Chai ilikuwa baridi, akainywa. Mkamwana akanyanyua birika: "Nyingine?" Kinyozi alikuwa na kiu ya kutosha, lakini alilelewa kukataa kwanza. "Aah, inatosha." Birika likaondoka na halikurudi.

Kabla ya kuaga aliuliza jambo lililomkera. Sasa si wanajua? Karibu zake tatu ni karibu kwelikweli. Si waingie tu?

Mkamwana alifasiri. Babu alifikiri, akajibu kwa maneno machache.

"Anasema kichwa chake kimeelewa. Mguu ndio haujaelewa. Anakuuliza, mtu akikwambia 'toka' na wewe unajua maana yake ni 'ingia', utaingia ukiwa na amani?"

Kinyozi alijaribu kupiga picha, akaona hapana. "Mwambie Jumapili nitasema moja," akasema, na akauma ulimi kabla haujaanza tena.

Hakumwambia Mchungaji. Alipita nje ya kiofisi Alhamisi, akapita tena Ijumaa, na mara zote mbili aliendelea na safari. Angesemaje? Kwamba mlango kweli ulikuwa na tatizo, na tatizo ni sauti yake? Kwamba amekuwa akiwafukuza watu kwa kuwainamia? Tai ya wakala wa bima ingening'inia pale siku hiyohiyo. Aliona heri waingie kwanza, maelezo baadaye. Alimwambia mkewe tu, naye akacheka hadi sindano ikavunjika.

Akafanya mazoezi dukani. "Nipunguze juu?" Kisha kimya, jasho likimtoka.

"Mjomba, unaumwa?" akauliza mteja.

Kinyozi akatikisa kichwa.

"Nimekuudhi?"

Akatikisa tena. Mteja akatoka nusu ya kichwa ikiwa haijaguswa, akisema atarudi mwenye duka akipoa.

Jumapili mbingu ilikuwa nzito tangu asubuhi, na watu walipoanza kupanda ngazi matone ya kwanza yalikuwa yanapiga vumbi. Tatutatu aliamua kumpa kila mtu moja, ulimi usije ukakosea njia.

"Karibu."

"Karibu na nini?" akauliza Mama Sauti, akasimama palepale. "Leo moja? Nimekukosea nini mimi?"

"Pita, dada yangu."

"Haya. Kama ni ile habari ya sadaka ya chakula, aliyekuambia ni mwongo."

Nyuma ya nguzo wakala wa bima alisimama na tai yake, akitazama mawingu kwa upole wa mtu asiye na haraka.

Ndipo familia ikatokea, bibi akiwa amejifunika kanga kichwani kwa mvua, akikohoa. Wakavua viatu chini ya paa, wakavipanga. Babu akapanda.

"Karibu," akasema kinyozi.

Akafumba mdomo. Karibu ya pili ilikuwa pale nyuma ya meno, imesimama tayari, inasukuma. Akaibana midomo mpaka ikawa myeupe. Babu akanyanyua mguu.

Na ndani ya kanisa Mchungaji, aliyekuwa akiangalia kutoka mbele, akaona mguu ule ukija kwake baada ya Jumapili zote zile, na furaha ikamshinda. Akashuka mbiombio katikati ya mabenchi, mikono imefunguliwa.

"Karibuni! Karib..."

"Karibuniii!" kwaya ikapokea, Mama Sauti akiongoza.

Mguu ukaganda.

"Nyamazeni!" Tatutatu alipiga ukelele uliopasua kanisa. "Mchungaji, nyamaza!"

Hakuna aliyewahi kumwambia Mchungaji neno lile, hata mkewe, angalau si mbele ya watu. Mchungaji alisimama mikono ikiwa bado hewani. Kwaya ikafunga midomo. Wakala wa bima akagusa fundo la tai. Ilibaki mvua tu juu ya bati, na kinyozi katikati ya mlango, hasemi kitu. Hasemi. Hasemi.

Babu alimtazama usoni kwa muda. Kisha mguu ukashuka, ukatua ndani.

Bibi akafuata, akikohoa, halafu mtoto wao, halafu mkamwana na mzigo wake. Wakaketi benchi la karibu na mlango, babu na kofia yake, miguu peku kwenye saruji. Kanisa zima likawatazama. Mama Sauti akatazama ile miguu, akatazama viatu vyake mwenyewe vilivyoleta tope mpaka kwenye jukwaa la kwaya, na kwa mara ya kwanza akaongea kwa sauti ya chini. Alimwambia jirani yake asogee ili bibi akae mbali na upepo. Mchungaji alianza ibada karibu kwa mnong'ono.

Baadaye, kiofisini, ndoo ilikuwa inapokea maji kutoka kwenye tundu la paa.

"Umeninyamazisha mbele ya watu," Mchungaji akasema.

"Ndiyo."

Mchungaji akangoja ndiyo nyingine. Alipoona haiji, akajua kuna jambo zito, akakaa. Kinyozi akamweleza yote: nyayo, chafya, salamu na pole na kwaheri, chai baridi. "Nilikuwa nawafukuza, Mchungaji. Tangu siku ya kwanza. Nilijua Jumatano na sikukwambia."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utanipokonya mlango."

Mchungaji alitazama maji yakidondoka kwenye ndoo. "Na wao muda wote huo walikuwa wakituombea?"

"Walidhani tuna msiba tusioweza kuutaja."

"Hawakukosea sana," akasema Mchungaji. "Mlango baki nao. Lakini Jumapili ijayo utasimama mbele uwaeleze wenzako, mimi nikiwemo, maana nami nimewafukuza. Na bawa la kushoto lipake mafuta."

Tatutatu alitoka kiofisini akiwa mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Mvua ilikuwa imepungua. Mkewe alikuwa akikusanya vitabu vya nyimbo kwenye mabenchi. Wakala wa bima alikuwa ameondoka, na watu wengine pia. Familia ile ilikuwa barazani inavaa viatu. Babu akaweka mkono kifuani, akasema neno lake la kuaga, moja, wakaanza kushuka ngazi.

Kinyozi alikuwa amebana mdomo tangu asubuhi. Moyo ulikuwa umejaa, na mlango ulikuwa wake. Akanyanyua mkono.

"Kwaheri!" akaita. "Kwaheri! Kwaheri ya kuonana!"

Babu akasimama. Akamtazama mkamwana. Mkamwana akamtazama bibi. Kisha wote wakageuka, wakapanda ngazi, wakavua viatu, wakavipanga upya vidole nje, wakapita mbele ya kinyozi na kukaa kwenye benchi lao, wametulia, kama watu waliobembelezwa wasiondoke.

Mkewe alisimama na vitabu kifuani. "Baba watoto, umewaambia nini?"

Tatutatu alifikiria kueleza. Akatazama nje, ambako matone yalikuwa yanaanza tena, akamtazama bibi akijifunika kanga magotini.

"Chemsha chai," akasema.

Akavuta bawa la kushoto, likalia kama mbuzi, akaenda kukaa nao.